Unene Ulionila Mgongo

Watu wa kwanza kuuona ugonjwa wangu walinipongeza. Nilikuwa Nyakunguru, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na kila aliyenipita alikuwa na neno la sifa. "Mura, kijana wetu, umenawiri." "Dhahabu imekupenda." Mashavu yalikuwa yamejaa hadi macho yakawa madogo, tumbo limetangulia, shati halifungi. Kwetu mtu mwenye uso wa namna hiyo haulizwi kama anaumwa. Anaulizwa amepata wapi.

Naandika sasa kwa kuwa mgongo umetulia, na kwa kuwa nimeshakutana na wengine wenye uso ule ule. Mmoja nilimwona stendi ya Mugumu, anakunywa soda na kuchekeshwa na rafiki zake. Nilimjua hata kabla hajageuka, kwa nyama iliyoota nyuma ya shingo. Sikujua nianzie wapi kumwambia. Gari lake likaondoka.

Jina langu ni Chacha. Nyumbani ni Ringwani, wilaya ya Serengeti. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kushindwa masomo, ila sikuweza kukaa kwenye dawati wakati barabara inapita pale nje. Nimechunga, nimefyatua matofali, nimekuwa utingo wa lori hadi Shinyanga, nimeuza viatu vya mtumba Sirari. Mahali nikishaelewa watu wake wanaishije, naondoka. Nayasema haya ili ujue kwamba kutembea kwangu si mazoezi. Nikiambiwa nikae mahali pamoja maisha yangu yote, sijui nitakuwa nani.

Kazi yangu Nyakunguru ilikuwa kubeba viroba vya mawe kutoka mdomo wa shimo hadi kwenye karasha, mashine inayosaga mawe. Mgongo ukaanza kuuma, maumivu ya kawaida ya mbebaji. Wabebaji wote walikuwa na dawa moja. Palikuwa na mtu aliyepanga kibanda jirani na mama ntilie, akiuza unga wa rangi ya matofali, ameufunga kwenye vipande vya karatasi. Tuliuita unga wa mgongo. Mwenyewe alisema ni mizizi. Kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi.

Nilimuuliza ni mizizi ya mti gani. Mimi huuliza.

"Wewe unataka kupona au unataka kufungua duka?" akanijibu. Foleni nzima ikacheka.

Unga ulifanya kazi, hilo sitalikana. Maumivu yaliondoka. Ikaja njaa ambayo sikuwahi kuijua, nikawa namaliza ugali wangu huku natazama sahani ya jirani. Usingizi ulipungua lakini sikuchoka. Kiroba nilichokuwa nakibeba kwa kulalamika nikakibeba nikipiga mluzi. Mvua za vuli zilipokwisha uso ulikuwa mviringo. Masika yalipokwisha, nyuma ya shingo nilikuwa na nundu laini ambayo wenzangu walipenda kuishika.

"Huyu sasa ni fahali," alisema Nyamhanga, tuliyekuwa tukibeba naye. "Tumpeleke mnadani Mugumu?"

"Nipelekeni. Mimi nitapata mnunuzi. Wewe utanunuliwa na wauza supu ya mifupa."

Nilicheka pamoja nao. Miguu ilikuwa inakonda wakati tumbo linakua, nililiona hilo, ila nani anatazama miguu ya mtu aliyenenepa? Tumboni ilitokea michirizi ya zambarau, kama mtu amenichora kwa kidole. Nikijigonga kidogo, ngozi inavilia damu. Na suruali zilizokuwa zinaishia kwenye kifundo cha mguu nikaanza kuzikanyaga. Nilidhani zimelegea kwa kufuliwa.

Msimu ule nilifika nyumbani mara moja. Mama alisimama mlangoni mwa jiko lake, akanitazama, akapiga kigelegele kimoja kifupi. Hapa lazima nieleze. Kabla yangu mama alikuwa na mwana mwingine, kaka yangu Marwa. Alirudi kutoka kwenye safari zake amekonda, akazidi kukonda, akafia kwenye kitanda hicho hicho ninacholala nikienda. Toka hapo mama akimwona mtoto wake, kitu cha kwanza anachotazama ni mashavu. Siku ile aliyatazama yangu, akaenda kuchinja kuku.

Mfupa wa kwanza ulivunjika nikiwa nainua dumu la maji. Si kiroba cha mawe. Dumu la maji ya kuoga, tena halikujaa. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu amekanyaga bua kavu la mtama, kisha maumivu yakanizunguka mbavuni kama mkanda unaokazwa. Nikakaa chini.

"Fahali amechoka," alisema Nyamhanga. Halafu akaniona uso, akatua kiroba chake akanijia.

Dada yangu Robi anaishi Nyamisangura, Tarime mjini, ana genge la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Walinipeleka kwake nimelazwa siti ya nyuma ya gari, kila shimo la barabara linapita kwenye meno yangu. Kwake nililala tu. Unga ulikuwa umebaki Nyakunguru, na sikuufikiria. Siku chache baadaye nikaanza kutapika, jasho baridi linanitoka, nikiinuka nyumba inazunguka. Robi alidhani malaria. Tulipima, haikuwepo. Akanipakia kwenye bajaji akanipeleka hospitali.

Ukiwa na mgongo uliovunjika, benchi la kungojea ni kazi. Huwezi kukaa, huwezi kusimama, na ukilala sakafuni watu wanakuruka. Nilijifunza kuegemea ukuta kwa bega moja, mguu mmoja mbele. Mlangoni mwa chumba cha eksirei palikuwa na mama mmoja na mtoto wake mdogo mwenye miguu iliyopinda kama upinde. Alinitazama nikihangaika, akavua kitenge chake cha juu, akakikunja, akakisokomeza kati ya kiuno changu na ukuta. Hakuniuliza kitu. Alipoitwa ndani nilitaka kumrudishia, akasema, "Acha, baba, bado foleni yako." Alitoka mlango mwingine. Kitenge kile bado ninacho.

Daktari aliitazama picha, kisha akaiacha akanitazama mimi.

"Unatumia nini?"

"Situmii pombe."

"Sijauliza pombe. Huo uso umeupata wapi?"

Lilikuwa swali lile lile la Nyakunguru, ila safari hii halikuwa sifa. Nikamweleza kuhusu unga. Akasema mizizi haimfanyi mtu hivi. Yule muuzaji alikuwa akisaga vidonge vya steroidi ndani ya unga wake. Ni dawa halali, akasema, inaokoa watu wenye pumu na magonjwa mengine, lakini kwa kipimo na kwa kusimamiwa. Mimi nilikuwa naila kijiko kizima kizima kama chumvi, na sasa nilikuwa nimeikata ghafla. Mwili hujitengenezea steroidi yake kidogo, ila wangu ulikuwa umeshaacha. Ndiyo maana natapika.

Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea kama boksi lililokaliwa na mtu. Hapo nikaelewa suruali. Hazikuwa zimelegea, mimi ndiye niliyekuwa nimefupika.

"Ukivunja nyingine juu ya hizi," daktari akasema, "siwezi kukuahidi miguu ya kutembelea."

Nililazwa. Muuguzi wa wodi yetu aliitwa Zuhura, mwenyeji wa Lindi, amepangiwa kazi huku kwetu na hajazoea baridi ya asubuhi ya Tarime, anavaa sweta juu ya sare. Nilimsumbua kwa maswali kila alipokuja kubadilisha shuka. Nilitaka kujua jambo moja: dawa inayomezwa tumboni inafikaje mpaka ndani ya mfupa, na inaubomoaje.

"Wewe ulisoma wapi?" akaniuliza.

"Barabarani."

Akacheka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu cha jirani. Namnukuu kwa namna ninavyokumbuka, kwa sababu maneno yale yalinisaidia kuliko mengine yote.

Alisema mfupa si jiwe. Ndani yake wamo wajenzi na wabomoaji, na wote wana kazi kila siku. Wabomoaji wanatoa mfupa uliochakaa, wajenzi wanaweka mpya. Dawa nyingi zikifika kwenye chembe ya mwili zinabisha hodi nje, ujumbe unapokelewa mlangoni. Hii haibishi. Inapita ukuta, inamkuta mpokezi wake ndani, wanashikana, wanaingia wawili mpaka kwenye kiini, chumba kile ambamo chembe inahifadhi maagizo yake yote. Humo wanaanza kuamrisha.

"Kama mgeni anayeingia hadi chumbani kwa mwenye boma," nikasema.

"Na mwenye boma anamtii. Wajenzi wanaambiwa waache kazi. Wabomoaji wanaachwa waishi zaidi. Halafu kuna chembe changa, bado hazijawa chochote, ambazo zingekua ziwe wajenzi. Hizo zinaambiwa: kueni mafuta."

Nilishika nundu nyuma ya shingo.

"Ndiyo," Zuhura akasema. "Walikuwa wanakusifu kwa mfupa usiojengwa."

Akaniambia pia kwamba vitamini D nayo ina mpokezi wake humo humo kwenye kiini, na ndiyo maana nitapewa vidonge vyake pamoja na madini ya chokaa, viingie navyo viseme la kwao. Yule mtoto wa miguu ya upinde niliyemsimulia, akasema, inawezekana kabisa kwamba anachokosa ni hicho hicho.

Nilitoka hospitali mwanzo wa kiangazi. Nilipewa steroidi ya vidonge, ya kupunguzwa kidogo kidogo kila mwezi hadi iishe. Nilipewa mkanda wa mgongo. Na nilipewa kidonge cha mifupa cha kumeza mara moja kwa juma, asubuhi, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji, na baada ya hapo nusu saa nzima usilale, usiiname, usile wala usinywe kingine chochote. Nilichagua Jumapili.

Kwa Robi nilikaa hadi niweze kwenda chooni peke yangu. Alinivalisha soksi asubuhi kabla ya kufungua genge. "Nimezaa wanne," alikuwa akiwaambia wateja, "huyu wa tano amekuja na ndevu." Shemeji yangu hakusema lolote baya, ila alianza kuchelewa kurudi, na nyumba ilikuwa ndogo. Nikaenda kwa mama.

Zamani niliinama kuingia jikoni kwake. Sasa niliingia bila kuinama. Mama aliona, akaitazama boriti ya mlango.

Kadiri vidonge vilivyokuwa vinapungua, na mimi nikapungua. Maji yalitoka mwilini. Mashavu yalishuka, nundu ikayeyuka, ikabaki ngozi imelegea, na chini ya ile ngozi miguu yangu myembamba ya mgodini. Daktari alifurahi. Kijiji hakikufurahi. Jirani yetu, Mama Wegesa, alikuja kunipa pole na mkungu wa ndizi, akanitazama kama mtu anayepima sanda.

"Mwanangu, hospitali wamekupima vyote?"

"Vyote, mama. Na hicho unachokifikiria. Hakipo."

"Mimi sijafikiria kitu."

Kisimani ilishasemwa kwamba nimekanyaga waya. Siku hizi hata wenye virusi wanakunywa dawa zao, wanalima na kuoa, lakini kijiji kina kumbukumbu ndefu, na kumbukumbu yake ilikuwa Marwa. Mama alikuwa anarudi na ndoo kichwani, anaitua, anakaa jikoni bila kuwasha moto.

Ulipofika wakati wa kuvuna ulezi nilianza kulala vibaya. Nikawa na njaa. Nilifurahi kidogo, nikisema afya inarudi. Mashavu yakajaa. Mama akaanza kuimba tena jikoni.

Kliniki iliyofuata daktari alinitazama mlangoni tu.

"Umerudia unga."

"Sijarudia."

"Chacha, mimi siyo polisi. Lakini usinidanganye mimi wakati mgongo ni wako. Mfupa ulikuwa umeanza kujengwa. Kama umerudia, unaubomoa tena, na nilishakwambia kuhusu miguu."

Robi alikuwa amenisindikiza. Tulipofika stendi akasema, "Kama unataka kufa, ungesema mapema, nisifunge genge." Nilijua sijala unga. Nilijua pia kwamba uso hausemi uongo, maana nilishafundishwa. Vyote viwili vilikuwa kweli, nikarudi Ringwani navyo.

Jumapili iliyofuata nilimeza kidonge changu kama kawaida, nikakaa wima kwenye kigoda nje ya jiko. Mama alikuwa ameshaniwekea uji wa ulezi kwenye kikombe changu cha bati, ameufunika kwa sahani. Siku nyingine zote nakunywa papo hapo, kabla chochote hakijatuama, na ndiyo maana sikuwahi kujua. Jumapili uji hukaa ukinisubiri, lakini mama huja kuukoroga kabla hajanipa. Asubuhi ile aliitwa nje ya boma, ng'ombe wa mtu alikuwa ameingia kwenye mihogo. Nusu saa ikaisha. Nikafunua mwenyewe, nikanywa taratibu bila kukoroga. Mwishoni ulimi ukakutana na uchungu ninaoujua. Nikainamisha kikombe kwenye mwanga. Chini palikuwa na tope la rangi ya matofali.

Aliporudi alinikuta nimekishika kikombe. Akakaa juu ya kinu kilicholala.

"Umeutoa wapi?" nikauliza.

"Siku ya mnada. Yupo anayeuza." Alitazama mikono yake. "Nilikumbuka ulivyokuwa ulipokuja mara ile. Ulikuwa mzima."

"Mama, wakati ule ndio nilikuwa naumwa."

"Ulikuwa umenenepa."

"Nilikuwa navunjika."

"Marwa naye waliniambia anatibiwa," akasema. "Waliniambia hivyo hivyo, anaendelea vizuri, na kila siku namwona anapungua. Nilimwosha, Chacha. Alikuwa mwepesi kama fito. Sasa unaniambia nikae nitazame tena nifurahi."

Nilitafuta namna ya kumweleza mambo ya Zuhura, chembe na kiini na mpokezi, nikaona hayataingia kwa njia hiyo. Nikamwambia tu kwamba huo unga ni mgeni anayepita hadi chumba cha ndani cha mwili na kuwafukuza mafundi. Vijana waliokuwa wajifunze ufundi anawanenepesha tu, wakae wanakula. Nyumba inaonekana ina watu wengi, wote wanene, na hakuna hata mmoja anayeshika tofali.

Mama akauliza swali moja, ambalo hata mimi sikuwahi kumuuliza Zuhura.

"Na mafundi wakirudi, mtu anakuwa mwembamba?"

"Kwa muda. Ndiyo."

Akanyoosha mkono nimpe kikombe. Aliingia jikoni akatoka na karatasi mbili za unga. Nilimzuia kuzitupa chooni. Nilimweleza kwamba dawa hiyo haikatwi ghafla, nilishawahi kukaribia kufa kwa kuikata ghafla. Kesho yake tulizipeleka hospitali, mimi na yeye. Nakuomba wewe unayesoma ukiwa na uso kama ule uliokuwa wangu: usiogope tu ukaitupa. Nenda nayo, waonyeshe, wakushushe taratibu. Daktari alizipokea, akampa mama shikamoo, akanipangia vidonge vya kupunguza upya tangu juu. Zuhura alimletea kiti. Mama akaketi akitazama pingili zangu kwenye picha, akauliza zipi, akaonyeshwa, akaweka kidole juu ya kila moja.

Kwetu anayekukaribisha pombe au uji huonja kwanza mbele yako, ujue hakuna kitu ndani. Ni heshima ya mgeni, haifanywi kwa mwana wa nyumbani. Toka siku ile mama hunifanyia. Analeta kikombe, anaonja, anafuta ukingo kwa kiganja, ananipa. Sikumwomba. Mara ya kwanza iliniuma kuliko mgongo.

Imepita masika na vuli nyingine. Steroidi imekwisha. Mgongo hauumi isipokuwa asubuhi za baridi. Natembea hadi barabara kuu na kurudi, na mwezi uliopita nilifika Mugumu, nikalala huko bila sababu yoyote, nikarudi. Urefu haukurudi, suruali nimezikata. Mimi ni mwembamba sasa, mwembamba kuliko nilivyowahi kuwa.

Jumapili iliyopita Mama Wegesa alipita wakati nimekaa wima kwenye kigoda nangoja nusu saa yangu iishe. Akamsalimu mama, akanitazama, akatikisa kichwa.

"Huyu mtoto bado anapungua tu. Hamjamtafutia dawa?"

Mama alikuwa anatoka jikoni na kikombe. Alisimama, akanitazama mashavu kama anavyofanya daima. Nilimwona anavyojilazimisha.

"Amekonda," akasema. "Mafundi wako kazini."

Kisha akaonja uji, akafuta ukingo, akakiweka kikombe karibu na mguu wangu, akakifunika, tungoje nusu saa iishe.